Je, Wajua? Kila Chakula Kina Saa Yake

Waswahili tumerithi msemo kwamba akiba haiozi. Lakini ingia jikoni mwa nyumba yoyote ya Madungu, hapa mjini Chake Chake, Pemba, utaona akiba inayooza kila siku: tungule zilizolainika chini ya kapu, nusu boflo iliyoota ukungu, tui lililosahauliwa kwenye bakuli. Fedha iliyokwenda sokoni asubuhi inaishia jioni kwenye ndoo ya taka, na inaniuma kila ninapoiona. Nimekuwa nikikusanya mambo madogo madogo kuhusu chakula cha kisiwa chetu, na karibu yote yananirudisha pale pale: kila chakula kina saa yake, na anayeijua saa hiyo hutumia fedha kidogo na hula vizuri.

Tuanze na muhogo. Je, wajua kwamba muhogo huanza kujiharibu wenyewe kabla vijidudu havijaufikia? Ukishang'olewa, hewa hupenya kwenye majeraha yake, na kwa kuwa mzizi ule bado u hai, hupambana na jeraha kwa kemikali zinazoacha mistari ya buluu na nyeusi ndani ya nyama yake. Siku mbili tatu zinatosha. Lakini ukiachwa ardhini hukaa mwaka mzima na zaidi, ukimngoja mwenyewe. Ndiyo maana mwenye shamba hachimbi ila wa siku ile. Ghala lake ni udongo. Sisi wa mjini tusio na shamba tunaweza kuiga kwa kiasi: nunua muhogo ambao haukukatwa ncha wala kuchubuka, ufukie kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevunyevu, mahali penye kivuli. Ukishaumenya, utie kwenye maji ndani ya friji na uyabadilishe kila siku, au ugandishe kabisa. Muhogo uliomenywa na kugandishwa hupikwa vizuri tu.

Shelisheli saa yake ni fupi zaidi, na jina lake limebeba safari yake. Mti huu asili yake ni visiwa vya bahari ya Pasifiki, lakini Waswahili tuliuita kwa jina la jirani, visiwa vya Ushelisheli. Mwaka 1789 mabaharia wa meli ya Kiingereza Bounty walimwasi nahodha wao, William Bligh, katikati ya safari ya kupeleka miche ya mshelisheli kutoka Tahiti hadi visiwa vya Karibi, na miche ikatupwa baharini. Bligh alirudi baadaye akaifikisha kwa safari ya pili. Tunda lililosafirishwa kwa gharama yote hiyo huiva na kulainika ndani ya siku chache tu baada ya kuanguliwa. Watu wa visiwa vya Marquesas waliliwekea mashimo ardhini wakalichachusha, likakaa miezi na miaka. Kwetu dawa ni nyepesi: mti ukizaa kwa fujo, chemsha mashelisheli yangali magumu, yakate vipande, yagandishe. Na la pili, ambalo nalipenda zaidi, mpelekee jirani leo hii hii, kwa sababu wiki ijayo mti wake ndio utakaokuwa umezaa.

Sasa nazi, na hapa naomba tukae kidogo. Nimekulia nyumba ambayo bibi alikuna nazi kila siku ya Mungu. Aliketi juu ya mbuzi, akazungusha kizio cha nazi kwenye meno ya chuma taratibu, akisimama kabla ya kufikia ganda jeusi kwa sababu ganda likiingia, tui hubadilika rangi. Nazi ile iliyokunwa aliitia maji ya vuguvugu, akaikanda, akaikamua kwenye kifumbu. La kwanza lilikuwa tui zito, linawekwa pembeni litiwe mwisho mchuzi ukikaribia kushuka. Akatia maji tena: tui la pili, jepesi, la kuchemshia muhogo. Siku za dhiki alitoa hata la tatu. Machicha yakaenda kwa kuku, na konzi moja ikabaki ya kusugulia masufuria. Kifuu kikaenda motoni, au kikachongwa kikawa upawa. Makumbi nayo, kwa watu wa pwani, hufukiwa kwenye tope miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa, yakawa usumba wa kusokotea kamba. Hesabu mwenyewe vitu vilivyotoka kwenye nazi moja, kisha fikiria kopo la tui la dukani, ambalo likishamiminwa huacha bati tupu.

Lakini machicha yana jambo ambalo kila mwenye kuyatunza anapaswa kulijua. Kisiwani Java, Indonesia, watu maskini walikuwa wakiyachachusha machicha ya nazi kwa ukungu maalumu, wakapata chakula kiitwacho tempe bongkrek. Mara kwa mara bakteria mmoja aliingia akatengeneza sumu kali isiyoondoka kwa kupikwa, inayoitwa asidi ya bongkreki. Watu wengi walikufa, na mwaka 1988 serikali ikapiga marufuku utengenezaji wake. Sumu hiyo hiyo ndiyo iliyopatikana Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, Januari 2015, pale pombe ya kienyeji ilipoua watu 75. Kwa hiyo machicha yatumike siku ile ile: ama kwa kuku, ama yakaangwe makavu kwa moto mdogo mpaka yanukie, yawekwe kwenye chupa kwa ajili ya mikate. Yasilale mabichi kwenye joto. Tui nalo huchachuka kwa saa chache. Lililobaki limimine kwenye vile vibati vya kugandishia barafu, na kila kipande kitakuwa kipimo cha mchuzi mmoja.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina maneno zaidi ya matatu kwa chakula kilicholala? Kiporo wanakijua wote, hata washabiki wa mpira, ambao huita mechi iliyoahirishwa mechi ya kiporo. Watu wa pwani tuna mwiku, kile kinacholiwa asubuhi kutoka chungu cha jana. Kamusi za zamani zina bariyo na uporo pia. Lugha haitengenezi maneno mengi hivyo kwa kitu kinachodharauliwa. Mwiku ulikuwa mlo kamili wenye jina lake, na mtoto aliyekwenda skuli na mwiku wa muhogo na kipande cha samaki hakujiona amepungukiwa na kitu.

Ila wali uliolala una hatari yake, nami nimeona hata watu wazima wenye elimu hawaijui. Ndani ya mchele mkavu hukaa mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria juu ya jiko usiku kucha, kwa joto letu la Pemba, mbegu huamka, huzaana, na kutoa sumu ya kutapisha. Kisha asubuhi mtu huupasha moto mpaka utoe moshi akidhani ameusafisha. Moto unaua bakteria, lakini sumu aliyokwisha kuitoa hubaki. Jambo hili lilijulikana wazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza, baada ya watu kuugua kwa kula wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina, ambao ulichemshwa mapema ukaachwa nje. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, kisha kiwekwe kwenye baridi isiyozidi nyuzi 5, au kiwe moto zaidi ya nyuzi 60.

Namna ya kufanya ni rahisi. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe upesi, usiuache kwenye sufuria nzito inayotunza joto. Ukishapoa tu, uingize kwenye friji, na uule kesho yake. Mchuzi weka peke yake. Na usiku ule ambao hakuna friji, pika wali wa kutosha mlo mmoja, ubakishe muhogo na mbatata zikiwa mbichi. Hizo zitangoja bila kumdhuru mtu.

Friji yenyewe ni mgeni wa juzi kwa wengi wetu. Je, wajua kwamba umeme wa Pemba unapita chini ya bahari? Waya kutoka Tanga ulifika mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli pale Wesha. Ndugu zetu wa Unguja nao walionja maisha bila friji kwa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wao ulipoharibika. Umeme ukikatika kwako, usifungue mlango wa friji kila dakika kuchungulia. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa muda wa saa nne hivi. Sehemu ya kugandishia, ikiwa imejaa, huhimili karibu siku mbili, na ikiwa nusu, siku moja. Kwa hiyo mwenye nafasi tupu kwenye friza ajaze chupa za maji: zitaganda na kumlindia samaki wake.

Msomaji mmoja huenda ameshasikia habari za vyungu viwili vya Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wa maji katikati, kitambaa kibichi juu, na mboga hukaa siku nyingi bila umeme. Ni uvumbuzi wa kweli, na mwaka 2000 ulimpatia tuzo ya Rolex. Lakini kule kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu, maji huvukia upesi na kubeba joto. Pemba hewa imejaa maji kama kitambaa cha kupigia deki, na maji ya chungu hayavukii ila kidogo. Nisingependa mtu wa Madungu anunue vyungu viwili kwa matumaini ya kutunza mchicha wiki nzima. Mtungi wa maji ya kunywa, ndiyo, hupoza kiasi.

Kwa samaki, wazee wetu walijibu zamani swali la kutunza chakula bila umeme. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani: chumvi na jua huyaondoa maji ambayo bakteria wanayahitaji, na saa ya samaki inatoka kwenye nusu siku mpaka wiki nyingi. Mnunuzi mwangalifu wa samaki wabichi hungoja jioni, mnada unapolegea na wachuuzi wanataka kurudi nyumbani. Hapo kitoweo hushuka bei. Ila tahadhari na jodari, vibua na nguru walioshinda juani bila barafu. Nyama ya samaki hawa ikianza kuharibika hutengeneza histamini, na mlaji hupata kuwasha, uso kuwa mwekundu na kichwa kugonga, hata kama samaki alikaangwa mpaka akakauka. Moto hauiondoi. Ukila ukahisi ulimi unachoma kama pilipili ambayo hukuitia, acha hapo hapo.

Je, wajua kwa nini ndizi huvundikwa? Bibi zetu walizifukia shimoni, wengine wakazifukizia moshi, na sayansi ikaja kuwaunga mkono. Mwaka 1901 kijana wa Kirusi Dmitry Neljubow aligundua kwamba gesi ya ethilini iliyovuja kutoka taa za gesi ndiyo iliyopotosha miche yake ya njegere. Baadaye ikajulikana kwamba matunda yenyewe huitoa, na kwamba ndiyo inayoyaivisha. Moshi nao unayo. Basi mkungu wa ndizi zinazoiva ukikaa pamoja na maparachichi na maembe, yote yataiva kwa pupa siku moja. Yatenganishe. Na ukitaka parachichi liive kesho, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja.

Mbatata ziwe gizani, mbali na jua, maana mwanga huzifanya kijani na kuzitia uchungu wenye sumu. Tungule zilizo imara zibaki nje ya friji, kwa sababu baridi huziua ladha.

Mchele unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndio unaokula fedha ya nyumba. Inashangaza kukumbuka kwamba Pemba ndiyo iliyowahi kuilisha Mombasa. Mchele wetu ulivuka bahari enzi za Wareno na baada yao, na Mazrui wa Mombasa walipoipoteza Pemba katika miaka ya 1820, walipoteza ghala lao. Leo mapolo ya mchele yanakuja kwetu kutoka ng'ambo na kutoka bara. Na wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa wa mgao, punje moja iliyodondoka mkekani iliokotwa.

Kununua polo zima huwa nafuu kwa kilo, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni saa ya fukusi. Jike lake hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Kwa joto letu, yai hilo linatoka likiwa mdudu kamili baada ya mwezi mmoja hivi, na kila jike anaweza kutaga mayai mia kadhaa. Maana yake polo unalolila kwa wiki nne ni nafuu ya kweli, na polo litakalokaa miezi mitatu unawanunulia fukusi. Nyumba ndogo zichange: nyumba tatu zinunue polo moja, zigawane. Mchele wako utie kwenye ndoo kavu yenye kifuniko cha kubana, na ukiweza uulaze siku chache kwenye friza kwanza, mayai yafe. Watu wetu hutia punje za karafuu ndani ya mchele, na wana sababu, kwani yujenoli, mafuta yanayoipa karafuu harufu yake, hufukuza fukusi.

Kugawana kunahitaji kipimo, na kipimo tulikuwa nacho. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi ya mchele ina uzito wa karibu kilo 2.7. Pishi ndiyo inayotolewa mpaka leo katika zakatul-fitri. Nyumba iliyopima kibaba kila siku ilijua mwezi utaishaje. Nyumba inayopima kwa macho hupika wali wa watu kumi kwa watu sita, kisha hubaki na ule wali wa hatari tuliouzungumza. Fungu la sokoni nalo lina mtego wake. Fungu la tungule linalopendeza juu lina zilizobondeka chini, na ukishaziondoa umelipa bei ya kilo nzuri. Pindua fungu kabla ya kutoa fedha. Muuzaji mwema hatachukia.

Je, wajua kwamba hapa jirani, Wawi, kuna kiwanda kinachoishi kwa mabaki? Watu hukiita Kiwanda cha Makonyo. Karafuu zikishachambuliwa, vile vikonyo vinavyobaki, ambavyo mtu angeweza kuvichoma au kuvitupa, hununuliwa na kupikwa kwa mvuke vikatoa mafuta. Kikonyo kisicho na bei ya karafuu kinakuwa mafuta yanayosafirishwa nje ya nchi. Ukipita karibu, harufu inakufikia kabla hujaliona jengo.

Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulitoa mwaka 2024 hesabu ya chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022: tani bilioni 1.05, karibu asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Asilimia 60 kati ya hicho kilitupwa majumbani, kilo 79 kwa kila mtu. Wengi tunadhani huo ni ugonjwa wa matajiri. Ripoti ile ilionyesha kwamba tofauti ya majumba ya nchi tajiri na ya nchi za kipato cha kati ni kama kilo 7 tu kwa mtu, na kwamba nchi za joto zinaelekea kutupa zaidi. Mtu wa Pemba haoni ajabu, jua lake analijua.

Dini yetu imekataza israfu waziwazi, katika aya ya 31 ya Sura Al-A'raf, na mafunzo ya Mtume ya kula kilicho mbele yako yana faida ya jikoni isiyosemwa sana. Watu wakikaa kwenye sinia moja, kila mmoja na upande wake, chakula cha katikati hubaki safi, hakikuguswa, na kinaweza kutunzwa au kupelekwa kwa jirani. Ramadhani hata hivyo hutushinda. Utakuta futari ina muhogo, majimbi, ndizi, shelisheli na tambi, vyote kwa siku moja, na vyote vina nazi. Kutoka futari mpaka daku ni zaidi ya saa tisa, na kilichobaki nje muda wote huo kimeshapita saa yake. Vitu viwili vilivyopikwa vizuri vinatosha leo, na vingine vitatu vikiwa bado havijapikwa ni futari ya kesho na ya kesho kutwa.

Na ukoko, ambao wengine tunauita utandu? Wairani huupindua kwenye sinia mbele ya wageni kwa fahari na kuuita tahdig. Wakorea huuchemshia maji wakanywa baada ya mlo. Kwetu ulikuwa wa watoto. Bibi aliipua sufuria, akaliacha kaa moja juu ya kifuniko, akangoja mpaka asikie mlio mdogo wa kukauka chini. Aliyeosha vyombo jana ndiye aliyeshika upawa leo, na wengine tulikaa kuizunguka sufuria viganja vikiwa wazi, tukihesabu vipande vinavyobanduka.